Nakala za Boksi Mama

Muoka mikate alimshukuru Fundi kabla hata hajapata pa kukaa, na shukrani hizo ndizo zilizoleta balaa.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema, mikono bado myeupe kwa unga. "Tangu uniwekee ule mpira, jioni zangu zimekuwa na watu."

"Mpira gani, baba?"

"Mpira! Ligi zote. Na sinema mpya kabisa, zile ambazo hata mabango yake hayajabandikwa. Umeniwekea mwenyewe halafu unaniuliza?"

Fundi alikuja kubadilisha waya uliotafunwa na panya, basi. Boksi la mzee huyu alilijua lina nini, kwa sababu kila kilichomo alikitia kwa mkono wake. Kikubwa kilikuwa kimoja tu: marehemu mke wa muoka mikate akikanda unga, akimgombeza aliyeshika kamera kwamba anamzibia mwanga, kisha akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kiwiko. Kanda yenyewe ililetwa ikiwa imeliwa na ukungu. Fundi aliisafisha kwa pamba na spiriti, kipande kwa kipande, ndipo akaihamishia kwenye boksi. Kila asubuhi, tanuri likipashwa moto, mzee aliiwasha akagombezwa upya.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Fundi. Alikuwa na kibanda cha mabati kwenye barabara ya kiwanda kilichokufa. Alinunua visanduku vidogo vya kuunganisha na televisheni, watu wakiviita maboksi, akavitia programu ya kuchezea video. Programu yenyewe ni ya bure na halali, yeyote anaweza kuichukua mtandaoni. Kisha akawapangia watu vitu vyao wenyewe: harusi zao, picha zao, nyimbo walizonunua, redio za bure, masomo ya watoto. Bibi asiyejua kusoma alibonyeza uso wa mjukuu wake, na mjukuu akaanza kuimba. Watu walisema yule mwanamke ana mkono wa kazi.

Akachukua rimoti. Chini kabisa ya skrini, upande wa kulia, baada ya alama ya redio, mahali ambapo yeye hakuwa na kawaida ya kushuka, palikuwa na kidude chekundu ambacho hajawahi kukiona. Akakibonyeza. Zikamwagika chaneli za kulipia, zote, zile ambazo kampuni inayoziuza hukata matangazo siku hiyo hiyo mteja akichelewa kulipa.

"Si unaona?" mzee alisema kwa furaha. "Na si mimi tu. Wote uliowafungia mwezi huu wanacho. Wanakusifia kweli kweli."

Fundi akahisi masikio yanawaka. Mwezi huo wateja walikuwa wameongezeka, wengine wakija wawili wawili kibandani. Naye alikuwa amerudi nyumbani akamwambia mumewe, kifua mbele, kwamba sasa watu wameanza kuiona kazi yake.

* * *

Nyumbani, mumewe alikuwa ameegemea mito miwili, kama alivyokaa tangu alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi. Alikuwa mwashi. Jengo alilokuwa akilijenga lilikuwa la ofisi za serikali, na jukwaa lilifungwa kwa kamba kwa sababu mwenye zabuni alikula fedha za vyuma. Baada ya ajali wakubwa walimtumia salamu za pole na kofia mpya ya kazini. Kofia hiyo sasa ilikuwa chombo cha kuwekea vitunguu. Mgongo haukurudi, na nyumba nzima ikabaki kuning'inia kwenye kibanda cha mkewe. Kikifungwa hicho, hakuna kingine.

"Nani amegusa boksi la nyumbani?" Fundi aliuliza kabla hata hajavua viatu.

Mwashi akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama dari. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi chake, aliyeachishwa kazi kiwanda kilipouzwa, na mtaa mzima ulimwita Kocha kwa sababu hapakuwa na timu duniani ambayo hakuifundisha akiwa kwenye kiti cha plastiki.

"Shemeji," Kocha alianza, "kabla hujapandisha sauti, jiulize kwanza, mimi nina baya gani?"

"Jibu."

"Jamaa mmoja alinipa nyongeza kwenye flashi. Akasema ukiitia kwenye programu unaona mpira bure. Nikasema nijaribu mechi moja."

"Kwenye boksi mama?"

"Si ndilo lililopo hapa sebuleni?"

Fundi akakaa chini. Boksi la nyumbani halikuwa boksi la kutazamia tu. Badala ya kuanza upya kwa kila mteja, alilipanga hilo vizuri, likanyooka, kisha akalinakili zima zima kwenye kila boksi jipya na kuongeza vitu vya mwenyewe. Aliliita boksi mama. Kocha alitaka mechi moja, na shemeji yake, kwa mikono yake misafi, akaisambaza ile nyongeza mtaa mzima bila kujua.

"Mimi nilidhani wewe unanakili programu tu," Kocha alisema polepole. Sasa hata yeye alikuwa ameelewa.

"Nanakili kila kitu. Hata uchafu ukiwamo."

"Lakini shemeji, programu si ile ile? Kama programu ni halali..."

"Programu ni sufuria. Ukipika kuku uliyemnunua, ni sufuria. Ukipika kuku wa jirani, bado ni sufuria, ila wewe ni mwizi wa kuku. Na mimi nimewagawia watu supu ya wizi nikiwaambia ni ya kwangu."

Mwashi akajisogeza kwenye mito, uso ukimkunjamana kwa maumivu. "Mama nanii, redio imetangaza leo. Jumatatu wakubwa wa leseni wanaanza kukagua. Atakayekutwa na chaneli za wizi, faini, na boksi linachukuliwa."

Wakubwa hao walikuwa wameutazama mpira huo huo kwenye kumbi zao miaka nenda rudi, bila kuuliza unatoka wapi. Ghafla wakaamka wamegundua wizi, kama mtu anayegundua kwamba maji yanalowesha. Na kama kawaida yao, wakaugundua kwa watu wadogo.

"Kaa kimya tu," Kocha alishauri. "Watu wana furaha. Jumamosi ni fainali. Ukiwafutia sasa watakuchukia mpaka kaburini."

"Na wakikamatwa Jumatatu?"

Kocha akarudi kutazama dari.

"Utaanzia wapi?" Mwashi alimuuliza mkewe. Hakumuuliza kama ataenda. Alikuwa ameishi naye vya kutosha.

"Nitaanza na hili hapa," Fundi alisema, akaliwasha boksi mama. "Na wewe, shemeji, kesho utanibebea mkoba."

* * *

Walizunguka siku kadhaa. Kwenye kila mlango Kocha alijitokeza mbele na hotuba yake: "Jamani, mkosaji ni mimi, shemeji yangu hana hatia. Mwenye kupiga apige kuanzia mabegani kushuka chini, kichwa bado nina kazi nacho." Wengine walicheka wakatoa rimoti. Wengine hawakucheka.

Bwana mmoja na mkewe, waliooana juzi juzi, walidai warudishiwe hela yao yote, na Fundi akawarudishia, japo boksi lilibaki kwao na picha zao za harusi zilikuwa zikicheza nyuma ya mgongo wake wakati anahesabu. Mwingine alimwambia asubiri nje, akamaliza kuoga, akamaliza kula, ndipo akamfungulia.

Mshonaji wa nguo ndiye aliyemchoma zaidi.

"Kwa hiyo umenipa, sasa unaninyang'anya," alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Hata mtoto wa chekechea ana aibu ya kufanya hivyo."

"Nilikupa kisichokuwa changu, dada."

"Mwenyewe amekulalamikia?"

"Jumatatu atalalamika, na boksi litakuwa kwako, si kwangu."

"Unajifanya malaika wa mtaa. Uza maboksi yako ukanunue mabawa! Mimi nakaa hapa kutwa nzima, uti wa mgongo unaniuma, hiyo tamthilia yangu ya jioni ndiyo starehe pekee niliyo nayo. Futa. Futa upesi, halafu usinikanyagie hapa tena."

Fundi akafuta. Alipokuwa anavuka kizingiti, mshonaji akamwita, "Wewe!" Akageuka akidhani huenda moyo umemlainika.

"Rudisha mlango. Nzi wanaingia."

Nje, Kocha alibadilisha mkoba bega. Akamnunulia shemeji yake chupa ya maji kwa hela aliyokuwa ameificha ya sigara.

Kwa muoka mikate waliingia mwisho wa siku. Mzee alisikiliza maelezo yote, akavuta kiti.

"Kumbe ni wizi?"

"Ni wizi, baba."

"Basi kitoe. Mke wangu asikae boksi moja na wizi." Akampa rimoti. Kidude kilipotoweka akaitazama skrini kidogo. "Sikulaumu, mwanangu. Ila wale vijana waliokuwa wanakuja jioni hawakuwa wanakuja kwa ajili yangu."

"Jumamosi njoo kwetu. Fainali inatangazwa redioni, na redio ni ya bure, haina kesi."

"Mpira wa kusikia?"

"Na mimi nitakuwepo," Kocha alisema. "Utausikia mpaka utauona."

* * *

Likabaki boksi moja, la Mkaguzi. Huyu ndiye mkuu wa leseni wa eneo lile, mwenye geti na mlinzi wa geti. Alikuwa amenunua boksi kwa ajili ya video za mahafali ya binti yake. Fundi hakuwa na haja ya kutafuta namna ya kumfikia. Mkaguzi mwenyewe alimtuma dereva amwite.

Mlangoni akaambiwa avue viatu, ingawa mwenye nyumba alikuwa amevaa vyake. Hakukaribishwa kiti.

"Picha inakatakata," Mkaguzi alisema, akimpa rimoti. "Jumamosi nina wageni, watu wazito. Sitaki fainali inikatie katikati."

"Mheshimiwa, hicho kidude kimeingia kwa makosa yetu. Nimewafutia watu wote. Nilikuwa nakuja na kwako."

"Umefanya vyema kuwafutia. Sheria ni sheria."

"Basi nifute na hiki."

Mkaguzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeombwa kupanga foleni. "Mama, hebu nielewe. Jumatatu anayeandika nani ana nini ni mimi. Tengeneza picha, uende zako. Nikipita kwenye kibanda chako, nitapita kama sikioni. Una mume kitandani, sivyo? Nasikia alianguka."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomkaza Fundi. Alimfikiria mumewe na vitunguu ndani ya kofia. Akafikiria pia kibanda, na watoto wao watakaorudi kutoka shule wakiuliza kuna nini cha kula. Haikuwa kwamba haogopi. Kidole gumba kikashuka chini kulia, kikabonyeza kufuta, kikabonyeza tena kukubali.

"Haitakatakata tena," alisema, akamrudishia rimoti kwa mikono miwili.

Mkaguzi akatazama skrini. Mahafali ya binti yake yalikuwepo, redio zilikuwepo. Ilimchukua muda kuelewa nini hakipo.

"Kirudishe."

"Siwezi, mheshimiwa. Mimi hicho sikiweki. Kilijiweka mara moja, inatosha."

"Jumatatu tutaonana, mama."

"Tutaonana," Fundi alisema, akaenda kuvaa viatu vyake.

* * *

Jumamosi walianza wanne: Mwashi kwenye mito yake, Fundi, Kocha, na muoka mikate aliyekuja na mikate iliyoungua pembeni, ambayo haiuziki. Kocha alitandaza sinia mezani, akapanga vizibo vya soda, vyekundu upande huu, vya kijani upande ule, na punje moja ya hindi ikawa mpira. Boksi mama likafungua redio, sauti ya mtangazaji ikajaa sebule.

"Anapokea pembeni," mtangazaji alipaza, na Kocha akasukuma kizibo pembeni. "Anageuka!" Kizibo kikageuka. Kocha hakubahatisha, aliwajua wachezaji wote, mguu wa kila mmoja, nani anapenda kuingia ndani na nani ana uvivu wa kurudi. Mwashi, ambaye kwa miezi mingi hakuwa ameketi wima muda mrefu, aliinama juu ya sinia akibishana kwamba beki amesimama vibaya.

"Wewe jenga kuta, niachie mimi ulinzi!" Kocha alimkemea kaka yake.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kichwa kimoja kikachungulia, kikauliza kama bao limepatikana. Kikaingia. Wakafuata wengine, hata yule bwana aliyerudishiwa hela, akiwa na mkewe, wamesimama nyuma kabisa kama watu waliokuja kwa bahati mbaya. Kipindi cha pili watu walifika uani, na kila kizibo kilipokaribia goli walioko ndani waliwapigia kelele walioko nje, walioko nje wakawapigia kelele wasiokuwepo. Fundi hakufuata mpira sana. Alikuwa anamtazama mumewe akicheka, na aliona jinsi jasho linavyomtoka kwa maumivu, naye hataki kurudi kwenye mito.

* * *

Jumatatu Mkaguzi alifika kibandani na askari wawili. Watu walijaa upesi, kwa sababu hapana kinachojaza barabara kama mtu mdogo anayekaguliwa.

Fundi aliwafungulia kila boksi. Waliwasha moja baada ya jingine. Harusi, nyimbo, mahafali, watoto wakisoma alfabeti. Kidude hakikuonekana.

"Tuna taarifa kwamba chaneli za wizi zilienea mtaani kutoka kibanda hiki," Mkaguzi alisema kwa sauti ya kusikika.

"Ni kweli," Fundi alijibu. Askari mmoja alishtuka. Hakuzoea kujibiwa hivyo. "Zilitoka kwangu kwa makosa, na nimezitoa kwa mikono yangu."

"Waliokuwa nazo ni akina nani? Taja majina, hapa hapa. Wao watalipa faini, wewe utaendelea na kazi yako. Ukinyamaza, kosa lote ni lako."

Mshonaji alikuwa mbele ya watu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na mkono wake ulikuwa umeukamata utepe huo kwa nguvu. Kocha alifungua mdomo, Fundi akamkanyaga mguu.

"Majina ni mengi, mheshimiwa," alisema. "Nikianza kuyataja, naogopa nitaanza na nyumba zenye geti."

Hakuna aliyecheka mara moja. Kicheko kilianzia nyuma, kidogo, kikaja mbele, mpaka askari mmoja akalazimika kugeuka na kukohoa. Mkaguzi alikunja karatasi yake. Alitazama mabati, akatazama sakafu, akainua macho kwenye kibao cha juu ya mlango.

"Kibao hiki kimezidi ukubwa unaoruhusiwa," alitangaza. "Fungeni."

"Niruhusu nichukue bisibisi zangu."

"Vifaa vinabaki ndani."

Wakafunga, wakabandika karatasi yenye muhuri. Nyumbani Mwashi alisikiliza habari yote bila kumkatiza mkewe.

"Kibao hicho nilikipima mimi, kwa futi ile ile niliyopimia ofisi zao," alisema mwishoni. "Kama kimezidi, basi na jengo lao limezidi." Kisha akamshika mkono, wakakaa hivyo, na hakuna aliyejua nini kitapikwa kesho.

* * *

Kesho yake mchana ilipigwa hodi. Kocha akachungulia, akarudisha kichwa haraka. "Shemeji, ni yule wa nzi. Nimwambie umekufa?"

"Mkaribishe."

Mshonaji aliingia na mfuko, akakaa bila kukaribishwa kiti. Hakumtazama Fundi usoni.

"Sikuja kuomba radhi," alisema. "Nimekuja na kazi. Hela yake ninayo, na nyuma yangu wapo wengine wanataka kuja, wanaona haya. Nimewaambia nitatangulia mimi, uso wangu umeshakomaa."

Akatoa kwenye mfuko kanda ya video iliyopasuka pembe, utepe wake umejikunja ndani. "Mama yangu. Siku aliponifundisha kushona. Nifanyie kama ulivyomfanyia muoka mikate."

Fundi akaigeuza kanda, akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha. Utepe haukuwa umekatika. "Inafanyika. Deki ninayo hapa ndani. Ila lazima kwanza niifungue hii, na bisibisi zangu zote zimefungiwa kule."

Mshonaji akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akapapasa kati ya chaki na vifungo, akatoa bisibisi ndogo yenye mpini uliolainika kwa kushikwa. "Hii ni ya cherehani."

Fundi akaijaribu kwenye skrubu ya kwanza. Ikakaa sawasawa. Akazungusha.

"Bisibisi hii nitakaa nayo siku kadhaa. Kazi zikija nyingi, pengine zaidi."

"Kaa nayo," mshonaji alisema, akisogeza kiti chake pembeni asimzibie dirisha. "Mimi cherehani ikinikwamia, nitakuja kuiazima kwako."